Kigae cha chupa kilikuwa mali: Somo la kioo kutoka kwa Warumi

Jumamosi moja mwezi uliopita, kijana wangu wa miaka tisa alirudi kutoka ufuoni akirukaruka kwa mguu mmoja. Walikuwa wakicheza mpira maji yalipokupwa, naye akakanyaga kigae cha chupa kilichofukiwa na mchanga. Tulimpakia kwenye tuk-tuk hadi zahanati, akashonwa nyuzi sita. Wiki nzima hakwenda shule wala madrasa.

Usiku ule, mamake alipokuwa akimbadilishia bendeji, mtoto akaniuliza: "Baba, mbona mchanga wetu una chupa?" Nilikuwa na hasira, nikamjibu bila kufikiri: "Chupa yenyewe ni mchanga, mwanangu." Akanitazama kama mtu anayefanyiwa mzaha siku ambayo hataki mzaha.

Nilichosema ni kweli, lakini sikuweza kukieleza. Mchanga unakuwaje chupa? Nani alianza? Na ilikuwaje kitu kilichokuwa cha wafalme kikafika mahali pa kutupwa ufuoni? Nikaanza kusoma, na kila nilipolifuata swali hilo nilijikuta pale pale: dola ya Warumi, miaka elfu mbili iliyopita. Hao ndio waliokitoa kioo katika makasri wakakiweka mikononi mwa watu wa kawaida. Na jambo lililonigusa zaidi, nikiwa na mtoto aliyefungwa bendeji, ni kwamba vigae vya kioo kwao havikuwa taka. Vilikuwa na mnunuzi.

Basi makala haya ni jibu langu kwa mwanangu. Huenda na wewe msomaji ukaona lina faida.

Mchanga, magadi na chokaa

Vitu vitatu vinavyotengeneza kioo cha kawaida hakuna mtu wa pwani asiyevijua. Cha kwanza ni mchanga, ule mweupe wenye silika nyingi. Cha pili ni magadi. Cha tatu ni chokaa.

Mchanga peke yake ungeweza kuyeyuka na kuwa kioo, lakini unataka joto la zaidi ya nyuzi 1,700, na tanuri za kuni za zamani hazikulifikia joto hilo. Hapo ndipo magadi yanapofanya kazi. Ukiyachanganya na mchanga, yanaushusha ule mpaka wa kuyeyuka hadi karibu nyuzi 1,100, ambazo tanuri iliyojengwa vizuri inaziweza. Lakini mchanga na magadi bila kitu cha tatu hutoa kioo dhaifu ambacho maji hukila. Chokaa ndiyo inayokikaza. Kioo cha Warumi, kikipimwa leo, huwa na takriban asilimia 70 ya silika, na sehemu kubwa ya iliyobaki ni magadi na chokaa.

Warumi walipata magadi yao Misri, katika bonde la Wadi Natrun, kaskazini-magharibi ya ilipo Cairo leo. Maziwa ya huko hukauka na kuacha tabaka jeupe juu ya ardhi, kama tuonavyo Ziwa Magadi kule Kajiado. Na si kwa sura tu. Magadi ya Kajiado, yaliyo ndugu ya yale tunayotia kwenye maharagwe, yanapochimbwa na kusafirishwa nje, moja ya kazi zake kubwa ni hiyo hiyo ya kutengeneza kioo.

Mchanga ulitoka pwani ya Sham. Uliosifika kuliko wote ulikuwa wa mlango wa mto Belus, karibu na mji wa Akka. Mchanga ule ulikuwa na bahati moja: umechanganyika na vipande vidogo vidogo vya makombe ya bahari, na kombe likiungua huwa chokaa. Mafundi hawakuhitaji kuongeza chokaa. Bahari ilikuwa imekwisha kuwapimia.

Hadithi ya mabaharia wa magadi

Mwandishi wa Kirumi aitwaye Pliny, aliyefariki mwaka 79 Miladia wakati mlima Vesuvius ulipolipuka, alisimulia jinsi kioo kilivyogunduliwa. Anasema mabaharia waliobeba shehena ya magadi walitia nanga karibu na mto Belus, wakashuka kupika. Hawakupata mafiga, wakateremsha mabonge ya magadi kutoka chomboni wakatelekea masufuria yao. Moto ulipokolea, magadi yakachanganyika na mchanga, na maji maji ya ajabu, yenye kung'aa, yakatiririka.

Ni hadithi tamu, lakini haiwezi kuwa kweli kama ilivyo. Moto wa kupikia hauna joto la kutosha. Tena watu wa Misri na Iraki walikuwa wakitengeneza vyombo vya kioo zaidi ya miaka elfu moja na mia nne kabla ya Pliny kuzaliwa. Hata hivyo hadithi imehifadhi ukweli mmoja: mchanga wa Sham na magadi ya Misri. Wanasayansi wanaopima vioo vya Kirumi leo wanakuta mchanganyiko huo huo, iwe chombo kimefukuliwa Uingereza, Ufaransa au Italia.

Jambo hili lilinishangaza. Nilidhani kila mji ulikuwa na fundi wake aliyechota mchanga wa mto wake. Kumbe sivyo. Kazi iligawanywa mara mbili. Huko Sham na Misri kulikuwa na tanuri kubwa mno ambazo kazi yake ilikuwa kuyeyusha mchanga kwa siku nyingi mfululizo na kutoa kioo ghafi, tani kadhaa kwa mara moja. Tanuri ikipoa, huvunjwa, na lile jabali la kioo hupasuliwa mabonge. Mabonge hayo yakapakiwa majahazini na kupelekwa kila pembe ya dola, ambako mafundi wadogo waliyayeyusha upya na kuunda vyombo. Mchele mmoja, mapishi mbalimbali.

Ushahidi upo chini ya bahari. Karibu na kisiwa cha Embiez, kusini mwa Ufaransa, wapiga mbizi walikuta jahazi lililozama karibu mwaka 200 Miladia likiwa na zaidi ya tani 10 za mabonge ya kioo ghafi.

Kazi ya tanuri hizo ilikuwa ya roho mkononi. Njia ya Warumi iliendelea kutumika Sham hata baada ya nchi ile kuingia mikononi mwa Waislamu, na kutoka zama hizo kuna ushahidi wa hasara moja kubwa. Mahali paitwapo Beth She'arim, karibu na Haifa, mwaka 1956 watu walikuwa wakisafisha pango wapate pa kuweka makumbusho. Wakakuta jiwe pana lisilosogea hata kwa tingatinga, wakaliacha papo hapo. Baadaye ikajulikana kwamba si jiwe. Ni bamba la kioo lenye uzito wa karibu tani tisa. Lilipopimwa lilionekana kuwa na chokaa nyingi kupita kiasi, halifai kuundwa chochote. Hebu fikiria zile kuni zote, na siku zote zile za kukesha, kisha tajiri na vibarua wake wanafungua tanuri na kukuta kazi yao imeharibika. Wakaliacha pale pale, na lipo hadi leo.

Pumzi ya fundi

Kabla ya Warumi kutawala pwani ile, kioo kilikuwa kitu cha anasa, na sababu yake ni namna kilivyoundwa. Fundi alitengeneza bonge la udongo kwa umbo la ndani ya kichupa, akalichomeka kwenye kijiti cha chuma, kisha akalizungushia kioo kilichoyeyuka, uzi juu ya uzi. Kilipopoa aliukwangua udongo wa ndani kidogo kidogo. Bakuli na sahani zilimwagwa au kulazwa juu ya kalibu, kisha zikasuguliwa kwa siku nyingi mpaka zing'ae. Kichupa kimoja cha mafuta mazuri kilikuwa kazi ya muda mrefu, na bei yake iliwafaa wenye nacho.

Kisha mtu mmoja huko Sham akagundua kwamba kioo cha moto kinaweza kupulizwa kama kibofu.

Jina lake halikuandikwa popote. Tulicho nacho ni taka zake, au za mafundi wenzake. Katika mji wa kale wa Jerusalem, yaani Baitul Muqaddas yetu, wachimbuzi wakiongozwa na mwanaakiolojia Nahman Avigad walikuta mabaki yaliyotupwa kutoka karakana ya kioo, ya miaka 50 hivi kabla ya kuzaliwa Nabii Isa (AS). Ndani yake kulikuwa na mirija ya kioo, baadhi ikiwa imezibwa ncha moja na kupulizwa hadi ikafura kama kitunguu kidogo. Inaonekana hawa walikuwa wakipulizia kwenye mrija wa kioo wenyewe, kabla bomba la chuma halijazoeleka. Ugunduzi mkubwa kuliko wote katika historia ya kioo tunaujua kwa sababu ya takataka.

Bomba la chuma lilipokuja, kazi ikawa hivi. Fundi huchovya ncha ya bomba katika kioo kilichoyeyuka, kizito kama halua iliyo bado jikoni. Hulizungusha bila kusita, maana akisita kioo huning'inia upande mmoja. Hulivingirisha juu ya bamba laini la jiwe, kisha hupuliza. Akitaka chupa ndefu, hulibembeza bomba chini. Akitaka umbo lenye pembe au nakshi, hupulizia ndani ya kalibu. Kioo kikianza kuwa kigumu, hukirudisha motoni. Mwishowe hushikiza fimbo nyingine chini ya chombo, hukikata shingoni, hurekebisha mdomo, na kazi imekwisha kwa dakika chache.

Imebaki hatua moja ambayo mwanafunzi mwenye pupa huiharibu. Chombo hakiachwi kipoe uwanjani. Hutiwa katika tanuri ya pili yenye joto la kiasi, kipoe polepole. Kikipoa ghafla, nje hujikunja kabla ya ndani, nacho hupasuka chenyewe. Ni jambo lile lile mama zetu walilotukanya tusilifanye: kumimina chai ya moto katika bilauri ya baridi.

Ukiona vyaelea, vimeundwa. Bilauri ya sharbati ya Idi, kichupa cha atari kinachouzwa nje ya msikiti siku ya Ijumaa, mrashi wa marashi kwenye harusi na maulidi, vyote hivyo vilianza kuwezekana kwa bei ya watu wa kawaida siku fundi wa Sham alipoingiza pumzi yake ndani ya kioo.

Kikombe cha sarafu moja

Mabadiliko ya bei yalikuwa makubwa. Mwanajiografia Strabo, aliyeishi wakati pumzi hiyo inaanza kuenea, aliandika kwamba katika jiji la Roma kikombe cha kioo kilinunuliwa kwa sarafu moja ya shaba. Chini ya miaka mia moja baadaye kioo kilikuwa kila mahali: chupa za mvinyo na mafuta, bakuli, mitungi ya kuhifadhia vyakula, vichupa vya manukato vilivyozikwa pamoja na maiti, na hata vioo vya madirisha katika mabafu ya umma. Pliny anasema watu walikuwa wameacha vikombe vya dhahabu na fedha wakapendelea vya kioo.

Bei nyingine tunazo kwa maandishi. Mwaka 301 Miladia Kaisari Diocletian alitoa amri ya kudhibiti bei katika dola yote, na kioo kilikuwamo. Ratili moja ya kioo cha Alexandria, yaani Iskandaria, isizidi dinari 24. Ratili ya kioo cha Palestina chenye ukijani isizidi dinari 13. Tofauti hiyo inatokana na rangi. Mchanga mwingi una chuma kidogo ndani yake, na chuma ndicho kinachokipa kioo ule ukijani au ubuluu wa chupa za kawaida. Kukiondolea rangi, mafundi walitia manganizi au antimoni. Antimoni ndiyo ithmid ya Waarabu, ile inayosifiwa kwa wanja. Kwa hivyo kitu kinachotia weusi machoni kiliondoa rangi katika kioo.

Mafundi nao wakaanza kujivunia kazi zao. Katika karne ya kwanza Miladia palikuwa na fundi aitwaye Ennion, ambaye kazi zake zinahusishwa na mji wa Sidon, Saida ya leo. Alipulizia vikombe ndani ya kalibu zilizochongwa kwa ustadi, na kwenye kalibu aliandika kwa Kigiriki kwamba Ennion ndiye aliyetengeneza, pamoja na dua ya kumtakia mema mnunuzi. Vyombo vyake vimefukuliwa kuanzia Sham hadi Italia. Wanawake hawakukosekana pia. Chupa mbili zilizopatikana Linz, nchini Austria, zina jina la Sentia Secunda wa mji wa Aquileia, Italia, likisema yeye ndiye mwenye kutengeneza kioo hicho.

Sitaki msomaji adhani matajiri waliachwa bila kitu cha kuringia. Kikombe cha Lycurgus, kilichoko katika Makumbusho ya Uingereza jijini London, ni cha kijani ukikitazama hivi hivi, na ukitia taa ndani yake kinageuka chekundu kama damu. Siri yake ni chembe za dhahabu na fedha ndogo mno zisizoonekana kwa macho, zilizotiwa na mafundi wa karne ya nne. Lakini kikombe kama hicho ni cha kuhesabika. Vikombe vya sarafu moja ndivyo vilivyobadilisha maisha ya watu.

Kuna kisa pia kwamba fundi mmoja alimletea Kaisari Tiberius kikombe cha kioo kisichovunjika. Alikiangusha sakafuni kikabonyea tu, akakinyoosha kwa nyundo. Kaisari akamuuliza kama kuna mwingine aijuaye siri hiyo. Aliposema hakuna, akaamuru auawe, kwa kuhofia kwamba dhahabu itakosa thamani. Pliny mwenyewe, aliyekitaja kisa hiki kwa njia yake, alisema kinasimuliwa zaidi kuliko kinavyothibitika. Mimi nakichukua kama ushahidi wa jambo moja: Warumi walijua udhaifu wa kioo ni kuvunjika. Kila siku, katika mji wa mamia ya maelfu ya watu, vilivunjika vikombe. Vigae vilikwenda wapi?

Mnunuzi wa vigae

Mshairi Martial, mwishoni mwa karne ya kwanza, katika shairi la kumkejeli mtu fulani, alimfananisha na mchuuzi kutoka ng'ambo ya mto Tiber anayezunguka mitaani akibadilishana vijiti vilivyochovywa salfa kwa vipande vya kioo kilichovunjika. Salfa ndiyo kiberiti kwa lugha ya wazee wetu, kabla neno hilo halijahamia kwenye njiti tunazowashia jiko. Yaani unampa vigae, anakupa kiberiti.

Nilipofika hapo nilisimama kidogo. Mtaani kwetu hupita kijana na mkokoteni akiita: vyuma kuukuu, betri, mitungi ya plastiki. Watu wakubwa humpita bila salamu, na watoto humwita majina. Kumbe hata Roma mchuuzi huyu alikuwa mfano wa kumtukania mtu. Alidharauliwa, lakini bila yeye watoto wa Roma wangekuwa wakishonwa nyuzi kila Jumamosi.

Alipeleka wapi vigae vyake? Kwenye karakana. Kioo kina sifa ambayo mti na udongo uliochomwa havina: ukikiyeyusha unakipata tena, mara nyingi upendavyo. Tena kigae huyeyuka kwa joto la chini kuliko mchanga mpya, kwa hivyo kila kigae kilichotiwa tanurini kilimpunguzia fundi gharama ya kuni. Kwa fundi aliyekuwa mbali na Sham, kigae kilimwokoa pia na nauli ya jahazi. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, na kwa Warumi kuvunjika kwa kikombe hakukuwa mwisho wa kioo.

Biashara hiyo haikuwa ya uchochoroni tu. Mwaka 1986, nje ya mji wa Grado, kaskazini mwa Italia, lilipatikana jahazi la Kirumi lililozama, ambalo leo linaitwa Iulia Felix. Kati ya shehena yake palikuwa na pipa la mbao lililojaa vipande vya vyombo vya kioo vilivyovunjika. Mtu alilipa nauli kusafirisha vigae baharini.

Wanasayansi wana njia nyingine ya kuthibitisha. Nimesema kioo kiliondolewa rangi kwa manganizi au kwa antimoni, na kila tanuri ya mwanzo ilitumia yake. Sasa wanapopima chombo cha Kirumi na kukuta vyote viwili pamoja, wanajua vigae vya asili mbili viliyeyushwa tanuri moja. Vyombo vya aina hiyo ni vingi mno.

Kioo kilipofika kwetu

Nisiyamalize haya bila kufika pwani yetu, maana kioo hicho kilitufikia.

Katikati ya karne ya kwanza Miladia, mfanyabiashara mmoja wa Misri aliyeandika kwa Kigiriki alitunga kitabu cha mwongozo wa safari za bahari, kiitwacho Periplus ya Bahari ya Erythraea. Ndani yake anaieleza pwani ya Afrika Mashariki, akiiita Azania, na mji wake wa biashara wa mwisho, Rhapta, ambao anasema ulipata jina lake kutokana na vyombo vya kushonwa. Anayemjua mtepe hahitaji maelezo. Anaorodhesha bidhaa zilizoletwa huku: mikuki kutoka Muza nchini Yemen, mashoka, visu, sindano za kutobolea, na vito vya kioo vya aina kadhaa. Kilichotoka kwetu kilikuwa pembe nyingi za ndovu, pembe za kifaru na magamba ya kasa.

Mwaka 1999 Profesa Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alichapisha habari za shanga za kioo alizozifukua katika eneo la delta ya Rufiji, akizitambua kuwa za zama za Kirumi.

Tazama basi safari ya kitu hiki. Miaka elfu mbili iliyopita, babu zetu walikitazama kipande kidogo cha kioo wakakiona ni kito, wakakitolea pembe. Leo kipande kikubwa zaidi kimelala ufuoni, hakuna anayeinama kukiokota, hadi mguu wa mtoto ukikute. Kilichobadilika ni bei yake. Kioo chenyewe ni kile kile.

Chupa yenye bei haitupwi

Nilimuuliza yule kijana wa mkokoteni kwa nini hanunui vigae. Alinijibu kwa adabu: "Mzee, kioo ni kizito, bei yake ni ndogo, na kinakata gunia." Ana haki. Mrumi aliyeishi mbali na Sham alikithamini kigae kwa sababu kioo ghafi kilimgharimu. Kwetu chupa mpya ni rahisi, na hasara ya ile iliyovunjika hailipwi na aliyeiuza wala aliyeinywa. Inalipwa na anayetembea peku.

Lakini kuna chupa moja ambayo karibu hatuioni ikiwa vigae ufuoni: chupa ya soda ya kurudishwa dukani. Sote tuliokua kwenye mitaa hii tunakumbuka. Ukinunua soda bila kuwa na chupa, mwenye duka anakudai pesa za chupa, na ukiirudisha unarudishiwa pesa zako. Watoto waliokota chupa za wageni wakapata peremende. Hakuna aliyetuhubiria kuhusu mazingira. Chupa ilikuwa na bei, basi haikulala chini.

Hilo ndilo fundisho ninalolichukua kwa Warumi. Hawakuwa wasafi kuliko sisi. Walikuwa na mnunuzi. Bunge letu lilipitisha Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka mwaka 2022, inayomtaka mtengenezaji awajibike kwa bidhaa yake hata baada ya kutumika. Hapo ndipo pa kushikilia. Chupa za vileo na vinywaji vingine zinazoachwa ufuoni ziwekewe amana kama ile ya soda, na kaunti iwe na mahali pa kukusanyia vigae, ili kijana wa mkokoteni apate faida ya kuvibeba. Tunaobaki nyumbani tunaweza kuanza kwa kutochanganya kioo na taka nyingine, kwa sababu kioo kilichochanganyika na uchafu hata Mrumi asingekinunua.

Sisi katika mtaa wetu tumeanza na jambo dogo. Baada ya mazungumzo kwenye baraza, mzee mmoja alitoa pipa kuukuu, tukaliweka penye njia ya kushukia ufuoni. Vijana wa mpira, kabla ya kucheza, hupitia uwanja wao na kuokota kila chenye kung'aa. Pipa limefika nusu. Mnunuzi bado tunamtafuta, na mwenye habari zake atuandikie.

Mwanangu sasa anatembea vizuri. Juzi nilimweleza yote haya, ya mto Belus na mabaharia na fundi aliyepuliza. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kilichokuwa moyoni mwake tangu siku ile: "Na kile kilichonikata kiko wapi?" Nikamwambia kipo ndani ya pipa pamoja na vingine, kinangoja mtu wa kukiyeyusha.